Pepo Mwenye Mtoto wa Bandia

Nna miaka arubaini na tatu, na nna mtoto wa bandia. Nasema mapema ili mwenye kutaka kucheka acheke sasa hivi, amalize, tuendelee. Mtoto mwenyewe ni wa kitambaa, kashonwa na mama yangu kwa vipande vya kanga na kujazwa sufi, na macho yake ni vifungo viwili visivyolingana. Hana jina. Nikimpa jina ataanza kuwa na matatizo ya watu wenye majina. Nna pia vijungu saba vya udongo vya kuchezea, ninavyovipanga kwa ukubwa kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Na nna mbeleko, nguo ile ile niliyobebwa nayo mgongoni nikiwa mchanga, imechakaa mpaka ukitia mkono unauona upande wa pili. Nalala nayo. Nikiikosa silali, na nisipolala napitisha makosa kazini, na kazi yangu ni kuyakamata. Nasoma maandishi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji kabla hayajachapwa: kadi za harusi, kalenda za misikiti, karatasi za mitihani.

Watu wazima nawajua basi, kwa sababu maandishi yao yanapita mkononi mwangu, na nyuso zao naziona barazani kila nikitoka. Pale kona yupo baba wa watoto sita, ndevu zishaingia mvi, kavaa jezi ya timu ya Ulaya, na mgongoni imeandikwa jina la kijana asiyemjua wala hatomjua. Timu ikifungwa, bwana huyo hasemi na mkewe siku mbili. Nilimuona siku moja analia, machozi ya kweli, na bado yanamtiririka akaninyooshea kidole mie niliyekuwa napita na puto la manjano: "Loh! Bi mzima na puto!" Nyani haoni kundule. Baraza zima likacheka, nami nikapita na puto langu.

Wanawake wenzangu nao wasinichekeshe. Nendeni nyumba yoyote yenye heshima zake mkaangalie kabati la kioo. Mtaona vikombe vya maua ya dhahabu, seti nzima, havijanywewa chai tangu viliponunuliwa na havitonywewa mpaka Siku ya Kiyama. Vinapangwa. Vinapanguswa vumbi. Mtoto akivigusa anapigwa. Vikombe vyao arubaini na nane ni heshima ya nyumba, vijungu vyangu saba ni wazimu. Niliwahi kuuliza tofauti iko wapi, nikaambiwa nna mdomo mchafu.

Mama yangu hakuwa na maswali hayo. Tulikaa Mbweni, mie na yeye, kwenye nyumba yenye ua na mti wa mkungu, na asubuhi akinikuta nimejitanda mbeleko yangu nakunywa uji kwenye kikombe cha plastiki, husema tu, "Umeamkaje?" Kisha anakaa na uji wake. Alipofariki, miaka miwili iliyopita, jamaa wakakutana wakaamua kwamba mwanamke hakai peke yake, hasa mwanamke kama mie. Hiyo "kama mie" hakuna aliyeifafanua. Nikachukuliwa na Mamkubwa, dada yake mama, nikapewa chumba juu kwenye nyumba yake ya Mji Mkongwe, dirisha linatazama uchochoro ambao vespa hupita na honi zake kutwa.

Mamkubwa ni mwanamke wa watu. Hafungi mlango, hanyimi sahani, na sauti yake akiwa jikoni inafika mpaka msikitini. Nyumba yake ina televisheni inayosema peke yake, redio inayobishana na televisheni, na blenda ya kusagia nazi inayoanza kunguruma kabla kahawa haijachemka. Kila mtu anaingia chumba cha kila mtu. Hodi inapigwa huku mguu ushaingia ndani.

Niliomba mambo machache. Niliyaomba kwa ulimi, kisha kwa maandishi, nikayabandika mlangoni kwa herufi kubwa: tafadhali mtu apige hodi na asubiri, tafadhali wali wangu usimwagiwe mchuzi, tafadhali vijungu visiguswe, tafadhali saa moja ya kimya baada ya alasiri. Walipita watu wakasoma wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Mtoto mkubwa wee, kua!" Mamkubwa hakucheka, lakini wageni wakija akimchukua mtoto wangu wa kitambaa akimtia ndani ya kabati, chini ya mashuka. "Watu watasema nini?" Hao "watu watasema nini" ndio wanaoutawala mji huu, wala hawajapigiwa kura.

Ikaja siku jirani anaoza binti yake. Tangu saa tatu za asubuhi spika mbili za kimo cha mlango zilielekezwa uchochoroni, na uchochoro wenyewe ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Chini blenda inasaga. Wageni waliokosa nafasi kwa jirani wakapanda kwetu, wakaingia chumbani kwangu kubadilisha nguo, na mmoja akasukuma vijungu vyangu ili aweke mkoba wake. Cha tatu kikaanguka kikavunjika. Akasema, "Aa, kijungu tu." Baada ya hapo sikumbuki kuamua kitu. Nilijikuta nimo mvunguni mwa kitanda, mbeleko kichwani, mtoto wangu kifuani, najisukasuka na kuimba kwa kooni sauti moja tu, ile inayoyafunika masauti mengine.

Mamkubwa aliingia akaona nyayo mbili zimetokeza mvunguni. Khaa! Ukelele alioupiga ulizishinda zile spika.

"Kapandisha! Jamani, mwanetu kapandisha!"

Hapa niwasimamishe kidogo. Nchi nyengine, mwanamke akijificha mvunguni kwa kelele, watu wangepunguza kelele. Sisi tunatafuta pepo. Kwetu pepo humpanda mtu kichwani, na mtu huyo huitwa kiti chake, na anayejua kusema na pepo huitwa fundi. Mchana wote tunasema hayo ni ushirikina, na wanaosema zaidi ndio wanaojua fundi gani anakaa wapi. Basi kabla adhuhuri haijaadhiniwa mtu alikuwa kashakwenda shamba na gari ya kukodi kumleta fundi.

Akaja mwanamke wa makamo, buibui limepauka, mkoba wa ukili begani. Akawafukuza wageni wote isipokuwa Mamkubwa na mabibi wanne wa mtaa, akatia ubani kwenye chetezo, akakaa mkekani akainama akanitazama. Hakuniambia nitoke. Jambo hilo nampa haki yake.

"Nani weye?" akauliza.

Nikataja jina langu, la baba yangu na la babu yangu.

"Keshaliteka hadi jina," Mamkubwa akanong'ona.

"Una umri gani?"

"Arubaini na mbili na miezi mitatu."

Fundi akatikisa kichwa pole pole akawageukia wenziwe. "Majini wanaishi miaka elfu na zaidi. Huyu kwao bado mtoto mchanga. Ndio maana anacheza." Mabibi wote wanne wakasema aaah, kwa sauti ya watu waliopata jawabu ya hesabu. Mwaka mzima wameniona na vijungu na hawakuelewa, sasa wakaelewa.

"Unataka nini, mgeni wetu?"

Alipouliza akanyamaza. Akasubiri. Wallahi, huyu ndiye mtu wa kwanza, ukimtoa mama yangu, aliyeniuliza nataka nini kisha akasubiri mpaka nikajibu. Nami mtu akiniuliza najibu, ndivyo nilivyo.

"Nataka blenda isiwashwe nikiwa ndani," nikasema kutoka mvunguni. "Nataka mtu apige hodi asubiri. Wali wangu ukae mbali na mchuzi. Baada ya alasiri nataka kimya saa nzima. Vijungu vyangu visiguswe, na kilichovunjika kiletwe chengine sawa na hicho. Na mtoto wangu asitiwe kabatini wageni wakija."

"Mtoto gani?"

"Yule wa kitambaa."

"Yarabi, ana mtoto!" bibi mmoja akasema, akajishika kifua.

Fundi akatamka hukumu yake: pepo mtulivu, hana shari, kasema kwa adabu, apewe. Na kila Alkhamisi atiliwe sinia yenye halua, tende, ubuyu na chupa ya marashi ya waridi, ili akae kwa raha kwenye kiti chake.

Ndani ya wiki moja nikapata yote. Mengi ni yale yale, neno kwa neno, niliyoyabandika mlangoni mwaka mzima wakayacheka! Blenda ikahamishiwa kwa jirani. Wali ukaja na mchuzi pembeni kwenye bakuli lake, limefunikwa kawa. Watu wakapiga hodi, wakasimama nje, wakakohoa. Mamkubwa mwenyewe alikwenda mpaka shamba kwa wafinyanzi akaniletea vijungu vitatu, kimoja cha kulipa na viwili vya heshima. Mtoto wangu wa kitambaa akashonewa nguo na bibi yule yule aliyejishika kifua. Mtu aliye hai akiomba saa moja ya kimya anaambiwa ana vituko. Pepo akiomba, televisheni inazimwa.

Wakaanza na kuja kuuliza. Mke wa mtu akapanda ngazi na udi wake kwenye kikaratasi, akakaa, akaniuliza kwa unyenyekevu, "Mgeni, mume wangu ana mwengine?" Nikasema ndio. Mtaa wote ulijua, hata wanaouza maji walijua, yeye tu ndiye alikuwa hajaambiwa. Akaondoka analia na kunisifu. Mwengine akauliza kwa nini wakwe zake hawampendi, nikamwambia kwa sababu anasema bila kupumua. Tangu niko mdogo nanuniwa kwa kusema kweli. Sasa ikawa karama. Nikapata jina mpaka ng'ambo ya Darajani.

Mie nikanyamaza. Sikusema nna pepo, hata mara moja, lakini sikusema sina. Nilikuwa nakula wali mkavu, nalala vizuri, sipitishi kosa hata moja kazini. Nikajiambia, wajinga ndio waliwao. Hilo ndilo kosa langu, na sitaki kumtupia mtu.

Nyumba hiyo hiyo, ghorofa ya chini, anakaa binti wa Mamkubwa, ambaye ni mdogo wangu, na mtoto wake wa kike wa miaka sita. Mtoto huyo ana maneno manne: maji, hapana, tena, na mbeleko. La nne kalipata kwangu. Hukaa ngazini akapanga vizibo vya soda kwa mstari, vyekundu kwanza, na ukikanyaga mstari wake unasikia mpaka Forodhani. Hodi ikipigwa kwa nguvu huziba masikio. Alikuwa akipanda juu baada ya alasiri, katika saa yangu ya kimya, akakaa karibu nami bila kunitazama, kila mtu na vitu vyake. Akigusa vijungu vyangu simkatazi, maana anavirudisha mahali pake. Katika watu wote wa Mji Mkongwe, huyo peke yake hanichoshi, na nampenda mpaka naogopa.

Skuli walimrudisha. Walisema hasikii, hakai, anapiga kelele. Mdogo wangu akampeleka hospitali, na mtoto akakataa kuingia mlangoni mpaka ashike ncha ya mbeleko yangu, kwa hivyo nikaenda nayo na mimi mwenyewe. Daktari alikuwa mwanamke mpole, anaandika huku anauliza.

"Anapenda kupanga vitu?"

"Ndio," nikajibu.

"Makelele yanamuudhi?"

"Sana. Hasa blenda na spika."

"Na chakula? Anakubali vikichanganywa?"

"Hata kidogo. Mchuzi ukae pembeni."

Mdogo wangu akanigeukia. "Mbona mwanangu hali wali kabisa? Daktari anamuulizia mtoto, si wewe!"

Daktari akaiweka kalamu chini akanitazama, kisha akaitazama mbeleko, kisha akanitazama tena. Akatueleza kwamba mtoto ana usonji. Akasema si laana, si ugonjwa wa kuambukiza, wala si kosa la mama. Ndivyo ubongo wake unavyofanya kazi. Anataka utulivu, anataka mambo yaende kwa utaratibu aliouzoea, anataka mwalimu wa kumfundisha taratibu kila wiki. "Na msimtie kwenye makelele," akasisitiza. "Mtamrudisha nyuma, hata hayo maneno manne anaweza kuyapoteza." Tulipokuwa tunatoka akaniambia mie, kwa sauti ya chini, nirudi wiki ya pili peke yangu.

Nikarudi, nikaulizwa ya kwangu, nikapewa neno lile lile kwenye karatasi. Nilikwenda nayo mpaka ufukweni nikakaa nikalia kwa hasira. Neno lina herufi sita tu! Miaka arubaini na tatu wameniita punguani, mtoto, kichaa, pepo, na muda wote lilikuwepo neno fupi hivyo na hakuna aliyelitafuta. Nikamlilia na mama yangu, ambaye hakuwa na neno na hakulihitaji.

Nyumbani mdogo wangu alishamwambia Mamkubwa. Mamkubwa akasikiliza, akakunja mdomo.

"Hilo neno la hospitali," akasema. "Jawabu mie nnalo ndani ya nyumba yangu, ghorofa ya juu. Mkubwa kafunguka kwa fundi, na mdogo atafunguka kwa fundi. Pepo hurithiwa, kwani hamjui? Wamo kwenye damu ya mama yetu."

"Mama, daktari kasema makelele..."

"Daktari alimponesha nani humu ndani? Nionyeshe!"

Mdogo wangu hakuwa na wa kumuonyesha. Aliyepona alikuwa mie. Na Mamkubwa alishapanga: mimi nilisemeshwa kwa maneno kwa sababu nna ulimi, lakini mtoto hasemi, kwa hivyo pepo wake atasemeshwa kwa ngoma. Siku tatu, uani, wapigaji wanne. Mtoto atakalishwa katikati, atafunikwa shuka jeupe, afukizwe mpaka aliyemo aseme jina lake. Keshatuma shamba. Keshawaalika watu.

Nilikaa kitandani siku ile nikiwaza. Mie, mtu mzima mwenye mshahara, blenda na spika zilinitia mvunguni. Huyu ana miaka sita, na maneno manne. Na ushahidi wote wa Mamkubwa ulikuwa mimi: wali wangu, kimya changu, usingizi wangu mzuri. Niliwadharau kwa ujinga wao miezi minane huku naula, na sasa bei yake inakwenda kulipwa na mtoto.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumamosi, baada ya adhuhuri. Ua umejaa, mabibi kwenye mikeka, watoto wa jirani wamening'inia madirishani, chetezo tatu zinafuka. Fundi yule yule kakaa kigodani, hana haraka. Mdogo wangu kamshika mtoto mapajani, macho yamemvimba. Alishamlilia mamaake akashindwa, maana mwenye nyumba ni Mamkubwa. Mtoto kashika ncha ya mbeleko yangu, na mie nimekaa ubavuni pake.

Mpigaji mmoja akaigonga ngoma yake mara moja, kuijaribu tu. Mtoto akapiga ukelele akaanza kujigonga kichwa kwenye kifua cha mama yake. Mabibi wakafurahi. "Huyoo, anakuja!"

Nikasimama. Mimi sisimami mbele za watu, lakini nilisimama.

"Sina pepo," nikasema. "Sijapata kuwa na pepo. Nna usonji, na mtoto huyu ana usonji. Yale yote mliyoyasikia nliyasema mie mwenyewe. Blenda, wali, hodi, yote mie. Nlinyamaza kwa sababu ya raha yangu, na hilo kosa langu, nisameheni. Lakini huyu mtoto mwacheni."

Ua ukatulia. Nikadhani nimefaulu.

"Kakasirika, huyo," bibi mmoja akasema.

"Wivu," akasema mwengine. "Anaogopa kuletewa mwenziwe."

"Mamkubwa," nikasema, "ni mimi. Nitazame."

Mamkubwa akanitazama kweli, kwa huruma na hofu, lakini hakuwa ananitazama mimi. "Tulia, mgeni wetu," akaniambia. "Sinia lako halitopungua."

Nikatoa karatasi ya hospitali. Nikaisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, na muhuri nikawaonyesha. "Mtume!" mtu akasema nyuma. "Pepo anasoma kizungu cha madaktari!" Wakaangua kicheko cha mshangao. Ndipo nilipoelewa. Mwaka mzima nilizungumza katika nyumba hii kama mtu na hakuna aliyesikia, basi leo wangesikiaje? Mtu hakuwa na sauti humu ndani. Mwenye sauti alikuwa mmoja, naye hakuwepo.

Mpigaji akanyanyua mikono yake miwili.

"Ngoja," fundi akasema. Akanyanyuka kigodani, akaja akasimama mbele yangu, uso kwa uso. Mie macho ya watu siyawezi, lakini yake niliyaona, na hayakuwa na ujinga hata chembe. Akaniuliza pole pole, kama mtu anayemshikisha mwenziwe kitu mkononi, "Nani anasema?"

Katika maisha yangu sijapata kusema uongo. Si kwa uchamungu, siwezi tu, unanikwama kooni.

"Mgeni," nikasema.

Mabibi wakavuta pumzi.

"Unataka nini, mgeni?"

"Sitaki ngoma katika nyumba hii. Si leo, si kesho. Mtoto asifunikwe, asifukizwe. Apelekwe kwa daktari kila wiki, na kiti changu kiende naye. Akiziba masikio, nanyi mnyamaze."

"Na wakikataa?"

"Nitaondoka na kiti changu," nikasema. "Hamtomuona tena."

Mamkubwa akapiga magoti. "Tumesikia! Tumesikia, mgeni, tuwie radhi." Fundi akageuka akawaashiria wapigaji. Ua ukaanza kumwagika watu, wengine wananyanyua chetezo, wengine wanakusanya mikeka, wananong'ona. Mdogo wangu akamnyanyua mtoto akapita naye mbele yangu kwenda chumbani. Alinibana mkono mpaka ukauma. Sijui mpaka leo alimshukuru nani.

Nikapanda chumbani kwangu, nikakaa sakafuni. Hodi ikapigwa. Ikasubiriwa. Nikasema karibu.

Alikuwa Mamkubwa peke yake. Akafunga mlango, akashuka sakafuni mbele yangu kwa taabu, magoti yake mabovu yanalia. Nikajua anakuja kuuliza kama nyumba itapata nuksi, au kama aongeze halua. Nilishamtayarishia dharau yake.

"Mgeni," akasema, akitazama chini, "nna swali moja tu, usinikasirikie. Mwanetu yumo humo ndani?"

Nikavitazama vijungu vyangu.

"Anapata tabu? Maana mamaake kaniachia, na mie sikujua nimchukueje. Nilikuwa namfokea. Nilikuwa nachukua kile kitoto chake nakitia kabatini, naona aibu ya watu." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Sidai umtoe. Kama yumo, na kama anasikia, nambie tu. Nataka ajue kwamba nampenda."

Nilifungua mdomo nimwambie, Mamkubwa, ni mie huyu, niko hapa hapa. Dirishani, uchochoroni, wapigaji walikuwa bado wamesimama na ngoma zao wanangoja gari.

"Amesikia," nikasema.